Kesho Iliyozeeka

Msomaji aliyewahi kuhudhuria maonyesho ya biashara au ya wakulima katika miji yetu hakosi kuliona jambo hili: banda ambalo mwaka wa kwanza lilionyesha mashine ya kukoboa mpunga, na kijana mwenye kijiti mkononi akieleza kwa ghera namna magurudumu yake yanavyozungushana, mwaka wa tano lauza sufuria, na mwaka wa kumi lauza mishikaki; na jina lililoandikwa juu ya mlango ni lile lile, wala hapana mtu aliyekaa akatoa amri kwamba mashine iondoke. Iliondoka kidogo kidogo, na kila hatua ilikuwa na sababu inayokubalika akilini. Watazamaji walipungua, mafuta yalipanda bei, mdhamini alichoka, na mwenye mishikaki alikuwa tayari kulipa kodi.

Kisa kikubwa cha namna hii, kilichogharimu fedha nyingi na kusikitikiwa na watu wengi, hakikutokea kwetu. Kilitokea Marekani, katika jimbo la Florida, kwenye bustani ya burudani iitwayo Epcot, mali ya kampuni ya Walt Disney. Nacho chastahili kusimuliwa kwa utaratibu, kwa kuwa chaonyesha namna mahali panavyoweza kupoteza dhati yake huku pakizidi kupendeza macho na kujaa watu.

Walt Disney, ambaye walimwengu wamjua kwa filamu zake za katuni na kwa panya wake Mickey, alifungua bustani yake ya kwanza, Disneyland, huko California tarehe 17 Julai 1955. Bustani ile ilimletea mali na sifa, lakini ilimwachia donge moyoni, kwa maana nje ya ukuta wake wafanyabiashara wengine walijaza hoteli na vibanda vya kila namna, naye hakuwa na uwezo wa kuwazuia, ardhi ile haikuwa yake. Basi katikati ya miaka ya 1960 akaanza kununua kwa siri, kwa majina ya kampuni zisizojulikana, vinamasi na mashamba karibu na mji wa Orlando, hata akajikusanyia zaidi ya ekari 27,000. Na siri ilipofichuka mwaka 1965, watu wakadhani kwamba ataka Disneyland ya pili. Walakini moyo wake ulikuwa umekwisha kuhama. Bustani ya pili ingejengwa, naam, lakini hiyo ilikuwa sadaka ya kuwaridhisha wenye mtaji. Alichokitaka mwenyewe kilikuwa mji.

Jina EPCOT ni kifupisho cha maneno matano ya Kiingereza ambayo, tukiyafasiri, yatakuwa karibu na kusema: jumuiya ya majaribio iliyo mfano wa siku za kesho. Tarehe 27 Oktoba 1966 Disney alisimama mbele ya kamera, nyuma yake ramani kubwa iliyofunika ukuta mzima, akaueleza mji huo utakavyokuwa. Watu 20,000 wangekaa humo. Katikati pangekuwa na ekari 50 za mitaa na maduka chini ya paa moja, ili jua na mvua visimsumbue mtu, na juu yake hoteli ya ghorofa 30 au zaidi. Kutoka hapo nyumba za watu zingetawanyika kwa duara, na njia zikitoka kitovuni kama njiti za gurudumu la baiskeli. Malori na motokaa zingepita chini ya ardhi, watu wakisafiri juu kwa treni ya reli moja na kwa vigari visivyosimama, na mtoto angetoka kwao hata shuleni bila ya kuogopa gari. Makampuni makubwa ya nchi yangeujaribu humo uvumbuzi wao kabla ya kuupeleka kwingineko, na kwa sababu hiyo mji usingekamilika kamwe. Kila siku ungekuwa mbioni kuifuata kesho.

Insafu yatulazimu kusema kwamba mji huo ulikuwa na kasoro zake. Hapana mkazi ambaye angemiliki nyumba wala kiwanja. Wote wangekuwa wapangaji wa kampuni moja, na mpangaji ambaye mwenye nyumba wake ndiye pia liwali wake hana pa kupeleka mashitaka. Lakini msingi wa fikra ulikuwa dhahiri, nao ulikuwa swali: je, sisi wanadamu tutaishi vipi kesho, na je, twaweza kuanza kujizoeza leo?

Filamu ile ikawa wosia. Haijatimia miezi miwili, tarehe 15 Desemba 1966, Disney alifariki kwa saratani ya mapafu. Husimuliwa kwamba hata katika kitanda chake cha mwisho hospitalini alikuwa akivitumia vigae vya dari kama ramani, akimwonyesha ndugu yake Roy mahali pa njia na mahali pa treni. Roy, aliyekuwa karibu kustaafu, alirejea kazini, akaisimamisha bustani ya Magic Kingdom iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, naye akafuata njia ya nduguye Desemba ya mwaka ule ule. Mji haukujengwa. Waliobakia walikuwa mafundi na wafanyabiashara hodari, lakini hapana miongoni mwao aliyethubutu kubeba dhamana ya kuendesha maisha ya watu 20,000, yaani shule zao, takataka zao, ugomvi wao wa ndoa na kura zao.

Kwa hiyo hasara ya kwanza ilitangulia hata msingi kuchimbwa. Kilichofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1982, kwa gharama ya yapata dola bilioni moja, kiliitwa EPCOT Center, nacho hakikuwa mji bali maonyesho ya kudumu: bustani ya karibu ekari 300, nusu yake mabanda ya elimu na sayansi, na nusu yake mabanda ya mataifa yaliyozunguka ziwa. Yasemekana kwamba wabunifu walikuwa na vielelezo viwili mezani, kila kimoja bustani mbali, na fedha zilipoonekana kuwa hazitoshi mbili wakavisogeza vikagusana, kikawa kitu kimoja. Mwenye kupenda kutafuta chanzo cha mambo aweza kusema kwamba bustani iliyozaliwa kwa kuunganishwa haikuwa na nafsi moja tangu mwanzo.

Hata hivyo, walioiona siku zile wanakubaliana kwamba haikuwa na mfano wake duniani. Langoni lilisimama tufe la rangi ya fedha, kimo chake mita 55 na ngozi yake pembetatu 11,324, likapandishwa juu ya miguu sita hata likaonekana kama lililotua kwa muda tu. Na jambo la kustaajabisha ni kwamba mvua ya Florida, ambayo huanguka kwa kishindo kama masika yetu, hainyeshei kichwa cha mtu apitaye chini yake. Mafundi waliacha nafasi nyembamba baina ya vibao vyake, maji huingia humo, hupita katika mifereji isiyoonekana, yakaenda kumwagika ziwani. Ndani ya tufe, vigari vilimpandisha mgeni polepole gizani katika historia ya mawasiliano ya wanadamu, hadithi ambayo mwandishi Ray Bradbury alisaidia kuitunga: watu wa mapangoni wakichora ukutani, Wamisri na mafunjo yao, Wafoinike na herufi walizozisambaza kwa merikebu, Roma ikiungua na harufu ya moshi ikimfikia mtu puani, kisha wanazuoni wa Kiislamu na wa Kiyahudi wakivihifadhi vitabu ambavyo Ulaya ilikuwa imevipoteza, mpaka mtambo wa Gutenberg na zama za tarakilishi. Palipo kileleni, gari lilikuwa chini ya anga lenye nyota, na mgeni aliiona dunia yake ikiwa ndogo kama chungwa.

Mabanda yaliyofuata yalikuwa kila moja na somo lake na mdhamini wake. La nishati lilikuwa la Exxon, na juu ya paa lake vilitandazwa vijisahani 80,000 vya kunasa nguvu za jua. La usafiri lilikuwa la General Motors, la ardhi na chakula la Kraft, la ubunifu la Kodak. Na kilichodhihirisha azma ya wenyewe kuliko vyote ni kwamba Mickey na jamaa zake hawakuwamo. Kampuni iliyotajirika kwa panya ilimwacha panya nje ya mlango, kwa sababu iliona kwamba hapa ni mahali pa watu wazima kushangaa kama watoto, na watoto kuheshimiwa kama watu wazima.

Banda ambalo wapenzi wa bustani hiyo hulitaja mpaka leo kwa sauti ya mtu anayemtaja marehemu ni lile la Horizons, lililodhaminiwa na General Electric na kufunguliwa tarehe 1 Oktoba 1983. Lenyewe ndilo lililokuwa karibu zaidi na wosia wa Disney, kwani lilionyesha jamaa wa ukoo mmoja wakiishi katika karne ijayo, huyu jangwani, huyu chini ya bahari, huyu angani, wakipigiana simu zenye picha na kutakiana heri za siku ya kuzaliwa. Gari lilipopita kwenye shamba la jangwani, ambako mashine zilichuma matunda na mkulima alizisimamia kutoka nyumbani, harufu ya machungwa ilijaa gizani. Na mwishoni kabisa abiria waliulizwa kwa vitufe wachague wenyewe warudi kwa njia ipi, ya jangwa, ya bahari au ya anga. Jambo dogo hilo, lakini lilikuwa na maana: kesho haikuwa jambo la kumngojea mtu, ilikuwa jambo la yeye kulichagua.

Upande wa pili wa ziwa yalisimama mataifa tisa, na baadaye yakawa kumi na moja. Moroko iliingia mwaka 1984, na mfalme wake, Hassan II, alipeleka mafundi wa kwao kuipanga kazi ya vigae kwa mikono yao, kipande kwa kipande. Norwe ikafuata mwaka 1988. Msomaji wetu hapa atauliza: na sisi wa kusini ya Sahara, je? Sisi tulikuwamo katika ahadi. Banda la Afrika ya Ikweta lilitangazwa, na Alex Haley, mwandishi wa kitabu cha Roots, alikuwa miongoni mwa washauri wake. Mgeni angepanda katika nyumba ya mtini akatazama wanyama wakija kunywa maji magharibi inapoingia. Fedha za kulijenga hazikupatikana. Mahali pake, baina ya Uchina na Ujerumani, pakabakia kibanda cha kuuzia vinywaji baridi na ngoma kadhaa za kupigwa na watoto wapitao. Karibu bara zima likawa kituo cha kupoza koo.

Sasa tuangalie namna mambo yalivyogeuka. Adui wa kwanza wa bustani hii hakuwa mtu, alikuwa wakati. Bustani nyingine nyingi za burudani huuza jambo lisilozeeka, kama kasri ya binti mfalme au mashua ya maharamia, ambayo ilikuwa ya kale siku ilipojengwa na itabaki kuwa ya kale baada ya miaka mia. Epcot iliuza kesho, na kesho ina tabia moja mbaya: hufika. Mwaka 1982 mgeni aligusa kioo cha tarakilishi kwa kidole, kioo kikamjibu, akarudi kwao kusimulia. Mjukuu wake leo ana kioo hicho mfukoni, nacho kimepasuka pembeni, wala hana habari kwamba kiliwahi kuwa ajabu. Ili kubaki katika ahadi yake, bustani ilipaswa kubomoa na kujenga upya kila baada ya miaka michache, na hilo lataka fedha zisizokwisha.

Fedha hizo zilikuwa mikononi mwa wadhamini, na hapo ndipo alipokaa adui wa pili. Mdhamini alilipa kwa mkataba wa miaka, akitaraji sifa; mkataba ulipokwisha akatazama vitabu vyake vya hesabu, akaona kwamba sifa yaweza kununuliwa kwa bei nafuu kwingineko, akaaga. General Electric iliondoka Horizons mwaka 1993. Banda likafungwa mwishoni mwa 1994, kisha mwaka 1995 likafufuliwa, si kwa kupendwa, bali kwa sababu mabanda mawili ya jirani yalikuwa yakifanyiwa marekebisho na wageni walihitaji pa kwenda. Na la mwisho kati ya mabanda hayo lilipokaribia kuwa tayari, tarehe 9 Januari 1999, likafungwa kwa mara ya mwisho. Walibomoa jengo lote, wakajenga mahali pake safari ya kuiga roketi iendayo Mirihi, ambayo kwa hakika humzungusha mtu mpaka kichwa kikamuuma. Lakini ukatili wa bahati waonekana zaidi katika banda la afya ya mwili, lililofunguliwa mwaka 1989: mdhamini wake alipojitoa likafifia, likafungwa mwaka 2007, na kwa miaka kadhaa ukumbi wake ukawa makao ya tamasha la vyakula na mvinyo. Msomaji na akumbuke mishikaki yetu.

Adui wa tatu alikuwa rafiki. Mickey, aliyeachwa nje, hakukaa nje kwa muda mrefu. Wazazi waliokuwa wamesafiri maili nyingi na watoto wao walimwulizia, na mwenye duka hana ubavu wa kumfukuza mteja. Kwanza akaja kusalimia tu. Kisha, kwa kuukaribisha mwaka 2000, mkono wake mkubwa wenye glavu nyeupe ukasimamishwa kando ya tufe, umeshika kifimbo cha mchawi, na tarakimu za mwaka zikipita juu ya tufe lenyewe. Sherehe ikaisha, tarakimu zikatolewa, jina la bustani likawekwa mahali pake, na mkono ukabakia hapo mpaka 2007, kama mgeni wa harusi ambaye bibi na bwana harusi wamekwisha kwenda fungate naye bado yumo ukumbini.

Baada ya Mickey wakaja wengine. Banda la bahari, ambalo lilikuwa chuo cha viumbe wa majini, mwaka 2007 lilipewa rasmi jina la samaki Nemo. Katika banda la Norwe ilikuwako safari ya mashua iliyosimulia Maharamia wa Kaskazini na majitu ya misituni, ikatokea baharini penye visima vya mafuta. Ikafungwa mwaka 2014, na miaka miwili baadaye ikafunguliwa kwa kisa cha filamu ya Frozen. Nchi iliyopo ikapewa hadithi ya nchi isiyokuwapo, na misururu ya watu ikarefuka kuliko wakati wowote. Banda la nishati likafungwa mwaka 2017, na mwaka 2022 mahali pake pakafunguliwa safari ya kasi ya mashujaa wa angani wa filamu za Marvel. Jina nalo lilipitia mageuzi: neno Center likaondolewa katikati ya miaka ya 1990 na herufi kubwa zikashushwa, kifupisho kikawa sauti tupu kama jina la sabuni, na herufi kubwa ziliporudishwa mwaka 2020, vijana waliozisoma hawakujua tena zasimamia nini.

Tusidhani kwamba waliofanya hayo walikuwa wapumbavu au maadui wa elimu. Kila badiliko likitazamwa peke yake lina hoja yake. Banda la nishati lilikuwa limechakaa. Frozen ilipendwa na watoto wa dunia nzima. Tamasha la chakula, lililoanza katikati ya miaka ya 1990, liliwaleta watu katika miezi ambayo bustani ilikuwa ikipiga miayo. Wapo wasemao pia kwamba Walt Disney mwenyewe alipenda kutamka kuwa bustani zake hazitakamilika maadamu ubunifu umebaki ulimwenguni, na kwa hiyo wanaolilia mambo ya zamani ndio wanaomwasi. Hoja hiyo ina nguvu, lakini yataka kupimwa kwa kipimo cha mafundi wa Lamu.

Fundi wa jahazi huko Matondoni hutoa ubao uliooza akatia mwingine, hubadili mataruma, hutia kalafati upya kila mwaka, na baada ya miaka thelathini huenda pasisalie mbao za zamani isipokuwa chache. Walakini hapana nahodha atakayesema kwamba jahazi lake limepotea, maadamu mkuku ni ule ule, na kila ubao mpya umechongwa kuufuata mkuku. Epcot nayo ilikuwa na mkuku wake, na mkuku huo ulikuwa swali la tutaishi vipi kesho. Lau Horizons ingebomolewa pakajengwa banda jipya lenye kuuliza swali hilo kwa lugha ya zama mpya, pasingekuwa na kilio. Kilichotokea ni kwamba kila ubao mpya ulichongwa kuufuata ubao jirani yake, yaani kilichouzika jana, hata siku moja mafundi wakainama kutazama chini wasiuone mkuku.

Na ajabu ni kwamba kampuni ile ile, katika ardhi ile ile, ilitoa ushahidi juu ya sababu ya haya yote, na ushahidi huo umevaa kanzu ya kwetu. Mwaka 1998 ilifungua bustani nyingine, Animal Kingdom, na ndani yake kijiji cha Afrika ya Mashariki kilichopewa jina la Harambe, ambacho wabunifu wake walikichora kwa kuutazama mji wa Lamu. Kuta zake zimebambuka chokaa, rangi imepauka, mbao za milango zimepasuka kwa jua. Na yote hayo ni kazi ya mafundi walioajiriwa kuzeesha ukuta mpya kwa brashi na patasi. Mzee wa Lamu akiiona huenda akacheka, kwa kuwa yeye amehangaika umri wake wote kutafuta chokaa ya kuziba mabambuko hayo. Lakini siri imo humo. Harambe imezaliwa mzee, na kila mwaka upitao waisaidia: ufa wa kweli ukitokea, wakaa vizuri kando ya ufa wa uongo. Epcot imezaliwa kijana, na kila mwaka upitao waiumbua. Mwenye fedha zake ataka kuziweka wapi?

Hata mji ulijengwa hatimaye. Katika miaka ya 1990 kampuni ilianzisha karibu na hapo mji wa Celebration, na wakazi wake wa kwanza waliingia mwaka 1996. Ulikuwa na shule, mitaa na baraza za mbele ya nyumba, na wakazi waliruhusiwa kumiliki nyumba zao. Lakini haukuwa na mitaa chini ya paa moja wala treni ya reli moja. Ulichorwa kwa mfano wa miji midogo ya Marekani ya zamani, ya siku za babu. Walipopata nafasi ya kujenga mji wa kesho, walijenga wa jana, na watu wakaupigania kununua.

Wapenzi wa Epcot ya kwanza hawajanyamaza. Wapo waliodiriki, siku Horizons ingali ikifanya kazi, kushuka katika vigari vyake gizani wapige picha za kila pembe kabla haijafa, na wapo waliotumia tarakilishi kulijenga upya banda zima, mtu alipite tena akiwa nyumbani kwake. Joka dogo la zambarau liitwalo Figment, ambalo lilikuwa roho ya banda la ubunifu, lilipokaribia kuondolewa kabisa mwaka 1999 wageni walilalamika hata likarudishwa mwaka 2002, ingawa mwenzake, mzee mwenye ndevu nyekundu aliyemwumba, hakurudi katika safari ile. Huzuni ya watu hawa yafaa kueleweka. Wanachokikumbuka ni kwamba waliwahi, wakiwa na umri wa miaka minane au tisa, kuaminiwa na watu wazima kwamba siku za mbele zawahusu, kisha wakakua wakarudi, wakakuta pale walipoulizwa swali sasa wanauziwa kofia.

Pamoja na hayo yote, ziko mashua ambazo zingali zikipita. Katika banda la ardhi, lililofunguliwa siku ile ya kwanza ya mwaka 1982, mgeni bado hupanda mashua akapelekwa polepole ndani ya nyumba za vioo, ambamo mipapai, migomba na mifenesi huota pamoja na nyanya zilizoning'inizwa hewani, mizizi yao ikinyunyiziwa maji bila ya udongo, na samaki wakifugwa kwenye matangi. Na baadhi ya mavuno hupelekwa katika mikahawa ya bustani hiyo hiyo yakaliwa. Wadhamini wa banda hili nao walikuja wakaondoka, Kraft kwanza na Nestlé baadaye, lakini lenyewe halikuzeeka kama jirani zake, na sababu yake haihitaji mwanachuoni kuieleza: nyanya ya mwaka jana haiwezi kuonyeshwa mwaka huu. Yapasa kupandwa tena. Kesho yao hawakuichora ukutani wakaiacha ipauke. Waliipa kazi ya kila siku, na kazi ikailinda.

Hata humo, lakini, panya ameingia. Wakulima wa bustani huyafunga maboga machanga katika vikopo vya plastiki vilivyotengenezwa kwa sura ya Mickey, na boga hukua likajaza kikopo, likatoka lina masikio mawili ya mviringo, na watoto mashuani hulinyoshea kidole kwa furaha. Litazame upendavyo. Ukilipasua, ndani yake mna mbegu, na mbegu ile ukiifukia ardhini pasipo kikopo itaota boga la kawaida.